Baghala Aliyegoma kwenye Tuta

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo sauti ni ya wagonjwa. Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Hapo zamani za kale, reli ilipokuwa inatandazwa nyikani, Farasi na Baghala walikuwa wakivuta kigari cha mataruma, yale magogo ya kulazia reli. Baghala mnamjua? Mamaye farasi, babaye punda. Walifungwa mnyororo mmoja, Farasi mbele, Baghala nyuma. Watu walitangulia wakishindilia tuta la udongo la kupitishia reli, nao wakafuata. Kwaru, kwaru, kwaru!

Farasi alijivuna huyo! "Mzigo nauvuta mimi. Wewe mtoto wa punda unasindikiza tu."

Baghala akakaza shingo. Anavuta.

Siku moja wakafika kwenye tuta jipya, kando ya korongo. Baghala akakanyaga, ndu! Akakanyaga tena, ndu! Akasimama.

"Twende!" akasema Farasi.

"Siendi. Huku chini kuna uwazi."

"Uvivu huo!"

Nyapara Mwachiru akamchapa fimbo, chwa! Baghala hakuinua hata ukwato.

"Ukaidi wa babako," akacheka Farasi, akasonga peke yake. Hatua moja. Ya pili.

Gubu! Tuta likatitia. Kumbe mhanga, yule mnyama mchimba mashimo, alishachimba shimo lake humo! Farasi akaporomokea korongoni, akaning'inia kwenye mnyororo, miguu inapiga hewa.

"Baghala, ndugu yangu, nakufa!" Mmesikia? Leo ni ndugu!

Baghala akakita kwato zote nne. Mnyororo ukamchana kifua, damu ikatoka. Hakulegea. Nyapara akatupa fimbo, akaudaka mnyororo, akaita watu. "Harambee! Harambee!" Wakavuta, wakavuta, Farasi huyo juu, mzima.

Jioni ndoo ya maji ikaletwa. Desturi ya kambi, wa mbele ndiye hunywa kwanza. Farasi koo limemkauka, lakini akarudi nyuma.

"Kunywa wewe, kaka," akasema, machozi yanamtoka. "Asante. Pumzi hii ni yako."

"Hata wewe ungenishika," akasema Baghala.

"Nisingekushika. Leo ningekuacha." Farasi akainamisha kichwa. "Kesho sikuachi."

Baghala akanywa nusu, akamsogezea ndoo.

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya mmelala: mwenzako akisita, muulize anaona nini kabla hujamtukana. Na akikuokoa, mshukuru kwa mdomo wako mwenyewe, asikie.

Hadithi yangu imefika stesheni. Shukeni!