Chaja ya Wakubwa

Bwana Zahoro alikuja kubomoa kibanda cha chapati cha Bi Saumu. Dereva wa katapila alikuwa njiani, akisubiri kuelekezwa kwa simu.

"Simu hiyo inachajiwa kwa waya gani?" Bi Saumu aliuliza, akichungulia kioo cha simu mkononi mwa Zahoro.

"Wa kampuni yake tu. Nyaya zenu za kuazimana haziingii!"

"Mbwembwe zote hizo, na pengine hata tochi haina."

Zahoro akawasha tochi, kisha video moja baada ya nyingine, akijigamba, mpaka simu ikazima. Namba ya dereva ilikuwa humo humo.

"Leteni chaja!" alifoka.

Majirani wakaleta zao; hakuna iliyoingia. Katapila likasikika barabarani, likapita, likapotelea mbali.

Bi Saumu akageuza chapati. "Hiyo ni simu ya wakubwa, bwana. Nilipoona chaji imebaki kiduchu, nikajua sisi walalahoi hatutakufaa."