Viatu vya Kuazima vya Kwamvundo

Sogeeni. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, asije akanikoromea katikati. Hadithi hii nina hasira nayo, nimeibeba siku nyingi peke yangu, na leo naitua kwenu muibebe nyinyi.

Katika kambi ya mkonge ya Kwamvundo palikuwa na watu watatu. Wa kwanza ni Bi Zahabu, muuza vitumbua, aliyejaliwa macho. Alisoma kila kilichoandikwa. Hata karatasi ya sabuni aliigeuza akasoma na nyuma. Wa pili ni Mzee Shekiango, aliyejaliwa miguu. Miaka thelathini alikagua reli kwa kutembea, na hata uzeeni vijana walioandamana naye walibaki nyuma wakihema. Wa tatu ni Kibua, mkata mkonge, aliyejaliwa heshima. Msicheke! Kibua hakuwahi kuazima hata chumvi. Siku aliyoshinda na njaa ndiyo siku aliyokaa mlangoni akichokonoa meno, watu wadhani amekula nyama.

Kila mmoja alikuwa na mtoto darasa la saba. Bi Zahabu alikuwa na bintiye Havijawa, Mzee Shekiango alikuwa na mjukuu wake Mhina, aliyefiwa na wazazi wote wawili, na Kibua alikuwa na bintiye Mnyamisi. Mwalimu mkuu wa shule yao alikuwa Mwalimu Siwatu, na kisa chote hiki kilikuja kumwangukia yeye kichwani.

Ikatoka sheria mpya kwa serikali kuu, sheria ya kurekebisha shule. Ilisema kwamba shule yenye watoto wengi wasiojiweza itapewa fungu lake: uji wa mchana, vitabu, na walimu wawili wa kuongezea. Mwalimu Siwatu aliposikia alipiga vigelegele peke yake ofisini. Alikuwa na watoto mia mbili na kumi waliosoma na njaa, na kila wiki mmoja au wawili walianguka mstarini asubuhi, wakabebwa kivulini wakanyweshwa maji. Akaambiwa atakuja mkaguzi, awaone watoto kwa macho yake na kujaza fomu.

Sasa sikilizeni kosa lilipofanyika. Kwamvundo mgeni haonyeshwi shida. Mgeni akija, hata kama chunguni hamna kitu, utasikia kuku analia kwa jirani, na mgeni atakula, na atakapoondoka ndipo wenyeji watakapojua watakula nini. Ndivyo walivyolelewa, na wala si vibaya. Mwalimu Siwatu mwenyewe ndiye aliyewaita wazazi akawaambia, "Kesho tuna mgeni mkubwa. Nivalishieni watoto. Jamani, msinitie aibu."

Na kweli hawakumtia aibu. Viatu viliazimwa mpaka kambi ya tatu. Sare zilitoka kwa binamu, kwa shangazi, kwa watoto waliokwisha kumaliza shule. Aliyepata viatu vikubwa alivijaza matambara, aliyepata vidogo alikunja vidole akanyamaza. Mgeni akachinjiwa kuku.

Mkaguzi alikula mapaja yote mawili. Kisha akapita mstarini na fomu yake. Viatu? Ana. Sare? Ana. Umekula leo? "Nimekula, shikamoo," watoto wakajibu mmoja mmoja, maana ndivyo walivyofunzwa kumjibu mgeni. Ana, ana, ana, mpaka mwisho wa mstari. Akashukuru kwa kuku, akapanda gari lake.

Barua ikaja. Ilichukua siku ishirini na tatu njiani, na maneno yake hayakufika hata kumi: "Shule yenu haina watoto wasiojiweza. Hakuna fungu. Hongereni."

Hongereni! Mwalimu Siwatu alilisoma neno hilo mara tatu, na kila mara damu ilimpanda kichwani upya. Asubuhi hiyohiyo mtoto wa darasa la pili alikuwa ameanguka, na viatu vya watu vilikwisha kurudishwa zamani. Alimkasirikia mkaguzi aliyekula asiulize kuku katoka wapi. Aliikasirikia sheria inayotaka maskini athibitishe umaskini wake kama mwizi anavyotakiwa kukiri wizi. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, maana sauti iliyosema "msinitie aibu" ilikuwa yake.

Bi Zahabu akaja na sinia lake la vitumbua kichwani. "Mwalimu, hiyo sheria yenyewe umeisoma?"

"Kitabu kile? Kina kurasa mia tatu, Bi Zahabu, na Kiswahili chake chahitaji mkalimani."

"Nipe mimi."

Akakisoma siku tatu, amechuchumaa jikoni pake, jicho moja kwenye kitabu na jingine kwenye kikaango. Basi vitumbua vikaungua. Wateja wakamtukana, wakahamia kwa muuzaji wa upande wa pili wa barabara, na hawakurudi tena. Mpaka leo sinia lake linarudi nyumbani nusu yake haijauzwa. Lakini siku ya tatu alikuja mbio ofisini, ameweka kidole kati ya kurasa. "Kifungu cha arobaini na moja, mwalimu! Shule isiyoridhika ikate rufaa ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua. Ipelekwe kwa mkono mkoani, si kwa posta. Hesabu siku zetu." Wakahesabu. Zilibaki nne. Mwalimu akaiandika rufaa palepale.

Na mvua nayo ilikuwa imechagua juma hilo. Daraja la barabara lilikwenda na maji, mabasi yakasimama. Mzee Shekiango akanyoosha mkono. "Leteni hiyo barua ya rufaa."

"Mzee wangu, ni mbali, na mito imejaa," Mwalimu Siwatu akasema.

"Reli imeondoka?"

"Haijaondoka."

"Basi njia ipo."

Akaitia barua kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka chini ya kofia, akashika reli. Kwenye daraja la treni maji yalikuwa yakipita juu ya mataruma, akavuka kwa magoti na viganja. Alifika mkoani siku ya nne, saa tisa na nusu alasiri, karani anatafuta ufunguo wa kufungia mlango.

"Njoo kesho, mzee."

"Kesho ni siku ya thelathini na moja." Akaingiza mguu mlangoni. "Wewe funga tu, mjukuu wangu. Ila huu mguu utalala humu ndani."

Karani aliutazama mguu ule, uliovimba na kutoka damu kwenye kucha, akarudi ndani kutafuta mhuri. Rufaa ikapokelewa. Maji yalipopungua Mzee Shekiango akarudi kwa behewa la mizigo, amelala juu ya magunia ya mahindi, na tangu siku hiyo anatembelea mkongojo. Kutoka kwake mpaka msikitini anapumzika mara mbili.

Wakaja watu wa rufaa, watatu, pamoja na mkaguzi yuleyule. Kambi nzima ikakusanyika uwanjani pa shule. Safari hii hapakuchinjwa kuku, na Mwalimu Siwatu alikiona hicho nacho kuwa kigumu, kumkalisha mgeni na maji matupu.

Mkubwa wao akasema, "Fomu inasema watoto wana viatu. Rufaa inasema hawana. Nani mwongo? Sheria inataka mzazi mmoja asimame mbele ya watu wote aeleze hali ya nyumba yake. Asiposimama mtu, rufaa imekufa."

Mtu wa Kwamvundo aseme "sina" mbele ya mgeni? Afadhali umwambie avue nguo. Wanawake wakatazama kanga zao, wanaume wakatazama mkonge wa mbali. Mwalimu Siwatu moyoni alikuwa akipiga kelele: semeni, jamani, semeni! Lakini midomo aliifunga yeye mwenyewe siku ile, angeifunguaje?

Akasimama Kibua. Huyo Kibua wa kuchokonoa meno! Watu wakadhani anaondoka. Akamshika mkono bintiye akaenda naye mpaka mbele ya mkaguzi.

"Huyu ni Mnyamisi, mwanangu. Viatu ulivyoviona siku ile vilikuwa vya binti wa shemeji yangu. Sare ilikuwa ya marehemu dada yake. Asubuhi ile alikuwa hajala, na jana yake hakula. Alikwambia amekula kwa sababu mimi ndiye niliyemfunza aseme hivyo." Akanyooshea kidole ile fomu. "Mimi ni maskini. Sina. Andika."

Alipokwisha kusema, mama mmoja akasimama, kisha wa pili, kisha uwanja wote. Rufaa ikashinda. Lakini mwezi haukuisha, wazazi wa msichana aliyechumbiwa na mwana mkubwa wa Kibua wakarudisha posa. Walisema hawaozi kwa mtu aliyejianika hadharani. Kibua hakai tena mlangoni pake.

Fungu likaja. Uji ukapikwa, vitabu vikafika, na mstarini hakuanguka tena mtoto. Kama ningeishia hapa mngenipigia makofi mkaenda kulala. Lakini sheria ilikuwa na mkia.

Mkaguzi alirudi na karatasi moja. Alikaa ofisini, akajitilia sukari vijiko vitatu, akasema, "Mwalimu, sheria inawapa na zawadi. Nafasi ya sekondari ya bweni, kila kitu kimelipwa, miaka minne. Apewe mtoto ambaye jamaa yake amechangia kuliko wote kuiokoa shule."

"Nafasi ngapi?"

"Moja."

Siwatu akaitazama fomu. Palikuwa na mstari mmoja wa jina. Havijawa, Mhina na Mnyamisi wote walikuwa wamefaulu mtihani wa darasa la saba. Sekondari ya kutwa ilikuwa mwendo wa maili kumi na tano kwenda na nyingine kumi na tano kurudi. Atakayekosa bweni ataingia shambani kukata mkonge msimu ujao, na Siwatu alikwisha kuona mikono ya wanafunzi wake wa zamani ilivyo.

"Wote watatu," akasema.

"Ukiandika majina mawili, fomu inabatilika. Sembuse matatu."

"Shule ina watoto mia mbili na kumi mliowaandika wasiojiweza, mnaleta mstari mmoja? Hii ni zawadi au ni kututia ugomvi?"

"Mimi sikuitunga sheria, mwalimu. Naondoka saa sita. Usipojaza, nafasi itakwenda shule nyingine."

Akawaita wale watatu. Bi Zahabu hakungoja kukaribishwa. "Mwalimu, bila macho yangu rufaa ingetoka wapi? Mngekuwa bado mnalia na barua yenu. Nimepoteza biashara yangu nzima. Havijawa nitamsomesha kwa nini, kwa vitumbua visivyonunuliwa?"

Mzee Shekiango akagonga mkongojo chini. "Kifungu hakitembei chenyewe, Bi Zahabu. Kingekaa kitabuni kimelala. Miguu yangu ndiyo ilikuwa shamba langu, nimeitoa. Mimi nikifa kesho, Mhina atabaki na nani?"

Kibua alikuwa amesimama kando ya mlango. Mwalimu Siwatu akamgeukia. "Na wewe, baba Mnyamisi? Sema basi."

"Mimi niliomba mara moja, mbele ya watu wote," Kibua akasema. "Sitaomba tena."

Akatoka nje.

Siwatu alibaki na kalamu mkononi, hasira zimemkaba mpaka machozi yakamtoka. Dirishani aliwaona watoto wakipanga foleni ya uji. Wote walikuwa pekupeku. Kwani siku hizi mkaguzi akitajwa tu, hata yule mwenye viatu vyake mwenyewe anavivua na kuvificha kichakani, asije akaandikwa "ana". Mnyamisi, aliyekuja na wenzake kusaidia, alikuwa mbele akigawa vikombe, Mhina akibeba ndoo ya maji, Havijawa akisoma maandishi ya gunia la unga, nyuma na mbele. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyekuwa ameambiwa kitu.

Mkaguzi akatazama saa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Akamaliza chai yake, akasukuma fomu mezani.

Haya, mimi mzigo wangu nimeutua. Kama si macho, njia isingeonekana. Kama si miguu, njia isingetembewa. Kama si yule aliyesema "sina", mwisho wa njia mlango ungebaki umefungwa. Msinijibu "wote watatu". Hilo Mwalimu Siwatu alilisema kabla yenu, akakataliwa. Msinijibu pia kwamba achane fomu, maana watoto watatu watakwenda shambani badala ya wawili. Kalamu hii hapa, mstari ni mmoja, na gari limeshawashwa. Je, wewe ungeandika jina la nani? Na wale wawili waliobaki, ungetoka nje ukawaambia nini?