Kigingi cha Kwanza cha Bi Sikudhani

Siku ya sherehe ya mavuno, kando ya Mto Rufiji, aliyepanga kila chombo kifungwe wapi alikuwa Bi Sikudhani. Kigingi cha kwanza, mbele ya jukwaa, alikiacha kwa mtumbwi wa uokoaji, maana kila mwaka walioshinda mbio za mitumbwi huwapindua walioshindwa.

Asubuhi ikaingia boti nyeupe ya Mzee Matimbwa, tajiri wa mashine za kukoboa mpunga. Akaufungua mtumbwi wa uokoaji, akausukumia kwenye matete, akafunga boti yake.

"Mzee wangu, hapo ni pa uokoaji," akasema Bi Sikudhani.

"Hapa ni pangu. Nataka watu wanione."

"Basi nikupambe." Akapanda, akafunga kitambaa kikubwa chekundu juu ya paa la boti.

"Sasa wataniona?"

"Watakukimbilia, mzee."

Mbio zilipoisha, mitumbwi mitano ikapinduliwa. Wanaume ishirini wenye tope wakaogelea moja kwa moja hadi kwenye boti nyeupe, wakajitupa kwenye makochi, wakatapika maji juu ya zulia. Nyuma yao akapanda mbuzi wa zawadi ya washindi, aliyeponyoka jukwaani.

"Mbona wote wanakuja kwangu?" akafoka Mzee Matimbwa.

"Tumewatangazia tangu jana, mzee. Atakayetumbukia aogelee kwenye kitambaa chekundu."

"Kitoe sasa hivi."

"Nakitoa, mzee. Mvute kwanza yule pale, anakunywa maji."