Kafara ya Jubairi na Mwanamke Aliyekuwa Huru Tayari

Imepokewa kutoka kwa watu wa zamani, na ajuaye yaliyofichika ni Mola peke yake, kwamba katika mji mdogo wa watia rangi, kwenye njia ya misafara, liwali alikimbia na askari wake wote aliposikia kuwa jeshi la waasi linakuja. Jeshi halikuja. Liwali naye hakurudi. Mji ukabaki bila mtawala: mlango wa gereza wazi na mbuzi wamelala ndani, wenye maduka wakilala juu ya bidhaa zao, na kila mtu akimtazama jirani yake kwa jicho la pembeni.

Kadhi Nuaim, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye pekee aliyeendelea na kazi yake. Kila asubuhi alitandika mkeka kwenye baraza ya msikiti akasubiri wenye mashtaka. Wauza tende walimtania, "Sheikh, leo umemhukumu nani? Mbuzi wa gerezani?" Naye akawajibu, "Wakija na mashahidi nitawasikiliza."

Siku moja akaja mwanamke aitwaye Rummana, mikono yake ya buluu mpaka viwikoni kwa sababu ya nila. Alikuwa mjakazi wa mzee Harithi, mtia rangi. Mzee alimwacha huru kwa ajili ya Mola wake, mbele ya mwadhini na mwosha maiti, na Rummana akaendelea kumfanyia kazi kwa ujira. Baada ya hapo akaolewa na mchukuzi mmoja, akamzaa binti yao, Sukaina. Mume akafa. Mzee Harithi naye akafa, na mwanawe Jubairi aliporithi nyumba akasema, "Hakuna aliyeachwa huru hapa. Mama ni wangu na mtoto ni wangu." Akamfungia Sukaina katika chumba cha ndani, akatangaza kwamba atamuuza kwa msafara utakaoondoka siku ya pili baada ya Ijumaa. Lakini Rummana hakufungiwa. Jubairi alijua hatakwenda popote bila mwanawe.

Kadhi akawasikiliza mashahidi. Jubairi alipoitwa alikuja, lakini alikuja kutazama tu, kama mtu anayekwenda kuona ngoma. Kadhi akasema, "Rummana ni huru tangu siku ile aliyotamkiwa uhuru wake. Na mtoto aliyezaliwa na mama huru ni huru."

Jubairi akacheka. "Umemaliza, sheikh? Sasa nani atakuja kufungua mlango wangu? Wewe na bakora yako? Au mwosha maiti?"

Watu wakacheka pamoja naye, wengine kwa woga, maana Jubairi alikuwa na vijana wa kazi wenye marungu. Wakatawanyika.

Rummana hakuondoka. Alikwenda mpaka mwisho wa baraza akarudi, akaenda tena akarudi. "Ewe kadhi, hukumu yako imenisaidia nini? Asubuhi nilikuwa mama wa mtoto aliyefungiwa, na sasa ni hivyohivyo."

Kadhi akasema, "Asubuhi Jubairi alikuwa na mlango tu, na kila mtu ana mlango. Sasa mlango ule ni dhulma, na mji mzima umesikia. Sina zaidi ya hilo, binti yangu, na ninaona haya kwa uchache wake."

Rummana hakupata faraja katika maneno hayo. Alirudi nyumbani kwa Jubairi, akawa anaosha vyungu vilivyokwisha kuoshwa, na kila alipopata nafasi alikwenda kwenye chumba cha ndani na kupitisha vidole chini ya mlango ili mtoto avishike.

"Mama," Sukaina akauliza, "ngamia anauma?"

"Ngamia wa nini? Lala."

Ikawa katika siku hizohizo Jubairi alikuwa darini akianua nguo zilizokauka, akagusa kwa bahati mbaya jiwe la kukandamizia, likamwangukia mpita njia, akafa palepale. Jamaa za marehemu walimsamehe dia, yaani fidia ya damu. Lakini kafara haisamehewi na binadamu. Mwenye kuua bila kukusudia ni juu yake kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyekuwa naye hufunga miezi miwili mfululizo. Hari ilikuwa kali, na kazi ya Jubairi ilikuwa kusimama mbele ya masufuria yanayochemka. Akawa hali wala halali. Kila alipofumba macho alilisikia lile jiwe.

Akamwendea Rummana kwa sauti laini. "Mama Sukaina, tuyamalize. Ijumaa, mbele ya watu, nitakuacha huru iwe kafara yangu. Wewe sema tu: nilikuwa mjakazi wako mpaka leo."

"Na Sukaina?"

"Mtoto wa mjakazi ni wa bwana wa mama yake. Yeye hayumo. Wewe ukishakuwa huru utafanya kazi, utamkomboa huko atakakokuwa."

Wanawake kisimani waliposikia wakamzunguka. "Kubali, we mwanamke! Huo ni uhuru wa kushikwa mkononi. Wa kadhi utaupika?" Mwingine akasema, "Ukikataa utakosa vyote viwili, wewe na mtoto." Walikuwa wamesema kweli kadiri macho yanavyoona. Rummana alijaza mtungi, akaumwaga, akaujaza tena pasipo kujua anafanya nini.

Ijumaa, baada ya sala, Jubairi akasimama uani mwa msikiti. Akasema aliyotaka kusema kuhusu kafara yake, kisha akamgeukia Rummana. "Haya, sema."

Rummana akasema, "Siwezi."

"Huwezi nini? Ninakupa uhuru!"

"Baba yako alikwisha kunipa, Mungu amrehemu. Nikisema nilikuwa wako mpaka leo, nitakuwa nimemfanya mwanangu mtumwa kwa kinywa changu mwenyewe. Na wewe utaondoka hapa na damu ya mtu ingali shingoni mwako."

Watu wakaguna. Mmoja akapiga kelele, "Mjinga huyo! Mwacheni apotee!"

Jubairi akamtazama kadhi, uso umemsawijika. "Sheikh, akikubali, kafara itasihi, itakubaliwa?"

"Mtu hatoi sadaka mbuzi wa jirani," kadhi akasema. "Haisihi."

"Lakini nani atajua?"

Hapo Rummana akamsogelea. "Bwana Jubairi, nani amekutuma utoe kafara? Liwali hayupo. Jamaa za marehemu wamekusamehe. Hakuna askari aliyebisha hodi kwako. Kwa nini basi huli, na hulali?"

Vijana wa Jubairi wenye marungu walikuwa wamesimama nyuma yake wakingoja neno, nalo halikuja. Jubairi akakaa chini kwenye vumbi. Akauchomoa kiunoni ufunguo wa chumba cha ndani, akauweka chini mbele ya Rummana bila kumtazama usoni, na kesho yake akaanza kufunga ile miezi miwili.

Rummana aliuokota akakimbia kwa Sukaina, na kuviacha viatu vyake msikitini.

Ndugu zangu waumini, tusidhani kwamba haki yake ilizaliwa pale ufunguo ulipowekwa chini. Ilikuwa yake siku zote zile alizokuwa akiosha vyungu visivyo na uchafu, wakati ambapo hakuna mkono hata mmoja ulioweza kumpatia. Kama angeiuza wakati haina nguvu, isingekuwepo wakati moyo wa Jubairi ulipolainika. Lakini si kila Jubairi huona usingizi ukimtoroka. Wako leo watu ambao hukumu yao imekwisha kusomwa na mlango ungali umefungwa, na sisi tunapita nje tukielekea sokoni. Ee Mola, usitupe raha mpaka tuulizane ni nani yumo ndani.