Gitaa la Mashineni

Naapa kwa meno yangu yaliyosalia, ambayo hayatoshi kuapia mara ya pili, kwamba haya nitakayowasimulia ni kweli tupu. Leo asubuhi mlimsikia Mama Chitete, fundi cherehani, akimwambia mteja aliyekuwa akijisifu dukani kwake: "Mashine ikizima, gitaa hujulikana." Mkacheka, kisha mkaja barazani kwangu kuuliza mashine ipi na gitaa lipi. Kaeni basi. Sogezeni huo mkeka, jua linakuja. Msemo huo una wazazi wake, na ulizaliwa hapahapa Kilosa, mchana kweupe, watu wakitazama. Ulizaliwa hivi.

Palikuwa na mtu akiitwa Dastan Kobelo, mwenye mashine ya kusaga unga nyuma ya nyumba yake, kule njia ya mtoni. Ilikuwa mashine ya dizeli, ile ya kuwasha kwa kuzungusha mkono wa chuma, na ikishawaka hata ukiitwa kwa jina la ukoo husikii. Dastan alikuwa na gitaa. Hakufundishwa na mtu. Alilipata likiwa na nyuzi nne, akaongeza mbili, akakaa juu ya gunia la pumba kando ya injini na kuanza kubonyeza hapa na pale, mpaka vidole vikajizoelea njia zao wenyewe.

Sasa, gitaa lazima lipangwe sauti. Mwenzenu alilipangia wapi? Kwenye mashine. Injini ikinguruma, aliukaza ule uzi mnene mpaka ulie sawa na ngurumo, zile nyingine akazipanga kwa kukisia. Na mashine, wajukuu zangu, haina sauti moja. Ukiipa mahindi makavu inalia juu. Ukiipa mihogo inazidiwa, sauti inashuka. Kwa hiyo siku ya mihogo Dastan alilegeza nyuzi, na siku ya mahindi akazikaza. Kina mama waliokuja kusagisha walimwona anavyotikisa kichwa na kufumba macho, vidole vikikimbia kama panya wa darini, wakasema, "Huyu baba anajua!" Makosa yote yalimezwa na ngurumo. Mwenyewe hakuwahi kusikia hata moja.

Mkewe alifariki wakati binti yao, Sikudhani, alikuwa bado mdogo. Wakabaki wao wawili, na gitaa, na mashine. Sikudhani alipokua na kuchumbiwa, alimwambia baba yake mbele ya washenga, "Baba, siku ya harusi nisitolewe ndani kwa spika za kukodi. Unitoe wewe, kwa gitaa lako." Dastan alivimba kwa furaha, akakubali palepale. Baadaye ndipo mshenga mmoja alipomnong'oneza kwamba wakwe wanatoka Mpwapwa, na ukoo mzima ni wanakwaya, tangu babu mpaka mtoto anayetambaa.

Hapo usingizi ukampaa. Hakuogopa kwamba hajui kupiga, la. Aliogopa kwamba anachokijua hakina madoido ya kuwatosha watu wa kwaya. Akalibeba gitaa lake, akavuka mto kwenda kwa Bi Chausiku.

Bi Chausiku aliwahi kupiga gitaa katika bendi iliyozunguka nchi kwa treni, enzi ambazo mwanamke mwenye gitaa alifuatwa stesheni kutazamwa kama twiga. Alipochoka na safari alijenga nyumba ndogo ng'ambo ya mto, mbali na kelele, akawa anamfundisha yeyote anayebisha hodi.

"Karibu, baba. Umewahi kufundishwa na mtu?"

"Hapana, Mwalimu. Nimejifundisha. Kwako nimefuata madoido tu."

"Haya. Nipigie nikusikie."

Dastan akaketi, akafumba macho, akaanza. Kule ng'ambo palikuwa kimya, kuku akikwaruza nyuma ya nyumba unamsikia. Na kile kilichotoka kwenye lile gitaa, mimi sitaki kukisimulia. Nimefanya kazi reli, nimesikia breki za mabehewa ya mizigo, lakini sitaki. Dastan alisimama ghafla akalitazama gitaa kama mtu aliyeng'atwa na mbuzi wake mwenyewe. Akaanza upya, na safari hii kitu kikawa kinamtoka puani: "Vuuuuuu..."

Bi Chausiku akainua mkono. "Ngoja kidogo, baba. Na huko puani kuna nini?"

"Puani?"

"Unavuma."

Dastan hakuwa na habari. Pua yake ilikuwa inaitafuta mashine.

"Na hili gitaa umelipanga sauti gani?"

"Hiyo ni ya mihogo, Mwalimu," akajibu kwa adabu zote. "Kama unapenda ya mahindi, naweza kukaza."

Mtu mwingine angecheka mpaka aanguke kitini. Bi Chausiku hakucheka. Alilichukua gitaa, akapanga uzi mmoja baada ya mwingine, sikio likiwa limelala karibu na mbao, akamrudishia. Kisha akamshika vidole vile vigumu vya mtu wa magunia, akaviweka mahali pake kimoja kimoja. "Bana hivyo hivyo. Piga mara moja tu, halafu usikilize mpaka sauti iishe yenyewe."

Dastan akapiga. Kwa mara ya kwanza tangu alipate, akalisikia gitaa lake. Macho yakamlowa, akasingizia moshi. Hapakuwa na moshi.

Alipojikohoza vya kutosha akauliza, "Sasa, Mwalimu, madoido tunaanza lini?"

"Madoido unayo mengi, baba. Tunatafuta wimbo."

Akamfundisha namna tatu za kubana nyuzi, basi, na wimbo mmoja mfupi unaopita katika hizo tatu. Mnadhani ni rahisi? Vidole vilivyozoea kukimbia vikaambiwa vitembee, vikawa vinagongana kama ng'ombe mlangoni mwa zizi. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili aliweza. Kutoka ya pili kwenda ya tatu alikwama. Alirudi kila Bi Chausiku alipomwita, akafanya mazoezi mpaka ncha za vidole zikamchubuka, na harusi ikafika bado anakwama palepale.

Asubuhi ya harusi ua ulijaa. Wakwe walikaa mstari mmoja, masikio yamesimama. Bi Chausiku naye alialikwa, akaketi karibu na mlango. Ndani, Sikudhani alikuwa na shangazi yake Melania, dada wa Dastan, wakingoja gitaa lilie ndipo watoke kwenda kanisani. Dastan alipoyaona yale masikio ya wanakwaya, moyo ukamwisha.

"Jamani, samahani," akasema. "Wapishi wamepungukiwa unga."

Akazunguka nyuma ya nyumba, akamimina debe la mahindi makavu, akaiwasha mashine. Akalikaza gitaa palepale, sauti ya mahindi, akarudi mbele ya mlango amechangamka kama yeye ndiye anayeoa. Akafumba macho, akatikisa kichwa, na vidole vikatoka mbio.

Watu waliona mikono tu. Wakwe wakatazamana. Mlango ukafunguka, Sikudhani akaonekana kizingitini ndani ya shela lake, lakini mguu hautoki. Shangazi Melania akamjia kaka yake mbiombio.

"Kaka, hatoki!"

"Hatoki kwa nini, nami napiga?"

"Anasema hajasikia gitaa!"

Dastan akamsogelea binti yake mpaka mlangoni. Ilibidi waongee kwa kupaza sauti, na hata hivyo waliosikia ni wale waliokaa karibu tu.

"Toka, mwanangu. Watu wanangoja."

"Sikusikii, baba."

"Napiga kwa nguvu zangu zote!"

"Naisikia mashine. Mashine nimeisikia tangu nizaliwe. Nilikuomba nikusikie wewe."

Dastan akainamisha kichwa. "Sikudhani, bila mashine mimi sijui kitu. Nina wimbo mmoja, na wenyewe nakwama katikati. Wakwe zako watanicheka. Watakucheka na wewe."

"Ukikwama, nitakungoja."

Bi Chausiku alikuwa amekwisha kunyoosha mkono akiomba gitaa. Dastan akampa, akaenda nyuma ya nyumba, akaizima mashine kwa mkono wake mwenyewe.

Kimya kikaangukia ua wote. Aliporudi, nyuzi zilikuwa zimepangwa. Akalipokea gitaa, akabana ya kwanza, akapiga. Sikudhani akatoa mguu mmoja. Akabana ya pili, akapiga, mguu wa pili ukafuata. Akaitafuta ya tatu. Akakwama.

Sikudhani akabaki na mguu hewani, shangazi kamshika kiwiko asiyumbe. Hakuna aliyekohoa. Vidole vya Dastan vikahangaika juu ya nyuzi, kimoja kikapata, cha pili kikapata, cha tatu kikateleza, kikarudi. Akapiga, ikalia vizuri, na mguu wa bibi harusi ukatua chini.

Wakaenda hivyo. Baba akikwama, binti anasimama. Baba akipata, binti anakwenda. Kutoka mlangoni hadi kwenye lango la ua ni mahali pa kurusha kandambili, lakini siku ile ungeweza kubandika maharage na kuyaepua. Walipofika katikati, baba mkwe, mzee mwenye sauti nzito ya chini, akaanza kuufuata ule wimbo mdomo ukiwa umefungwa. Ukoo wake ukamwitikia polepole, wakawa wanaijaza ile nafasi kila vidole vilipochelewa. Dastan akafika langoni akilia waziwazi, safari hii bila kusingizia moshi.

Mama mmoja wa ukweni akamgeukia Shangazi Melania. "Kumbe kaka yako anapiga gitaa! Mimi nilidhani anatikisa kichwa tu."

Melania akapangusa macho kwa pindo la kanga. "Dada yangu, mashine ikizima, gitaa hujulikana."

Neno likatoka pale likaenda kanisani, likarudi kwenye pilau, kesho yake liko sokoni. Siku hizi watu wanalitumia kumsuta mtu mwenye kelele nyingi, kama Mama Chitete alivyofanya asubuhi. Si vibaya. Lakini Melania hakulisema kwa kusuta. Alikuwa ameishi karibu na lile gitaa miaka yote, na siku ile ndiyo aliyolisikia.

Tena niwaambie, lilisikika vizuri ajabu! Sauti yake ilivuka mto, ikapita mashamba ya mkonge, ikafika hadi Kimamba, na wakulima wa huko wakaegemea majembe yao wakasikiliza...

"Kimamba, babu?" Ni Zamoyoni huyo, mjukuu wangu, ambaye masikio yake hayapitishi uongo. "Gitaa lisilo na spika?"

"Upepo ulikuwa unaelekea huko."

"Hadi Kimamba?"

"Haya, hadi stesheni."

"Babu, umesema watu uani walizuia hata kikohozi ili wasikie. Hao wa stesheni walisikiaje?"

Nikatazama juu, nikatazama chini. Vijana wote wamenikodolea macho.

"Hadi langoni," nikasema. "Lilifika hadi langoni tu."

Wakaangua kicheko, wakapiga mkeka kwa viganja. "Kakamatwa! Babu kakamatwa! Karanga, karanga!" Ndiyo faini ya baraza letu: msimulizi akikamatwa na uongo, hununua karanga. Nikajitetea kwamba mto ulikuwa na maji machache, kwamba sauti hupita juu ya maji, kwamba mimi ni mzee wa watu. Hawakunisikiliza. Mwuza karanga alikuwa anapita na sinia lake, wakamwita kabla sijainuka, na ikabidi nitoe hela nimnunulie kila mmoja kifungu chake, na Zamoyoni viwili, maana ndiye aliyenikamata.

"Sasa, babu," akasema akimenya, "turudie pale mlangoni. Bila Kimamba."

Nikawarudia. Sikupandisha sauti, sikuongeza chumvi, sikutikisa mikono. Nikasema tu yule binti alivyomwambia baba yake, ukikwama, nitakungoja. Na wale watoto, waliokuwa wakipigana viwiko wakati wote nilipokuwa navuma, wakaacha hata kutafuna.

Zamoyoni akanitazama. "Kumbe ndivyo," akasema taratibu. "Mashine ikizima, gitaa hujulikana."