Kwa Nini Mchumba Huulizwa Bibi Zake Mlangoni

Usininunie, Masunga. Umekuja kumposa binti wa kaka yangu, basi simama hapo kizingitini na mjomba wako na wenzako mnisikilize. Mimi ndiye shangazi, na mlango huu ni wangu mpaka niridhike.

Hapo kale mlangoni hapakuwa na maswali. Mtemi wetu Lugeye alimwogopa kila mgeni, hata maji hakunywa mpaka aletewe na ndugu. Akasema mke wa kutoka mbali atamtilia sumu, akamwoa Nyanjige, binti wa baba yake mdogo. Na watu nao! Mtemi akikohoa, nao wanakohoa. Wakaanza kuozana binamu kwa binamu, ng'ombe wa mahari wakawa wanazunguka boma lile lile, kila mtu akajiona mjanja.

Nyanjige alizaa watoto watano. Wanne walikufa kabla hawajatembea. Kila msiba Mtemi alitafuta mchawi. Akamfukuza mpishi, akamfukuza mkunga, akaamuru maziwa yaonjwe na watu watatu. Vifo havikukoma. Akabaki Kabula peke yake, na alipofika umri wa kuolewa, Mtemi akatangaza kwamba atamwoza kwa mtoto wa ndugu yake.

Siku ya harusi Nyanjige alisimama mlangoni akauziba kwa mikono miwili.

"Umemshuku kila mtu, Mtemi," alisema. "Mbona damu yetu hujaishuku? Mimi nimezika wanne. Kabula hatazika."

Mtemi aliwatazama wageni wakianza kuondoka. Kisha akasema, "Basi na aje mtu wa mbali. Lakini pombe yake aonje mwenyewe kwanza."

Kabula akaolewa na mhunzi wa ng'ambo ya mto. Akapata watoto sita, wote wakatembea, wakakimbia, wakavunja vyungu vya bibi yao. Nyanjige hakuwagombeza hata siku moja.

Na tangu siku hiyo mchumba hunywa kwanza pombe aliyoileta, kisha huwataja bibi zake wa kuumeni na kukeni. Jina moja likigongana na letu, tunampa maji ya kunywa, anarudi kwao akiwa ndugu, si mchumba.

Haya. Pombe umeonja, nimeona koo likicheza. Mzaa mama yako aliitwa nani? Vizuri. Na mama yake huyo?

Mbona unamtazama mjomba wako kwanza?