Kiti Kisichogusa Ardhi

Nani kati yenu amewahi kulala amesimama, tena na mfalme mgongoni? Hakuna? Basi sogeeni motoni. Nikisema ukale, itikieni ungalipo.

Ukale!

Ungalipo!

Ungalipo, na umenenepa.

Hapo kale, wanyama walipoanza kupenda ukubwa, Simba wa Nyikani alichonga kiti cha enzi, akakifunga mgongoni mwa Punda. "Kiti hakigusi ardhi mpaka ardhi yote iwe yangu," akasema. "Kikigusa, nchi itapasuka." Jeshi likaufanya wimbo:

Kiti hakigusi ardhi,
hakigusi, hakigusi,
mpaka ardhi iishe.

Punda alikuwa na mimba. Akamwomba Simba ashuke kidogo tu, naye ajifungue amelala kama punda wengine. Simba akamwambia, "We Punda, bado Nyati. Nyati akiisha, utalala." Wakatembea. Mtoto akadondokea kwenye kwato za jeshi, na jeshi halikusimama.

Kumbe Nyati wa Bwawani naye alikuwa na dira yake ya taifa. Akamwangusha Simba, akapanda. Kiti kilekile, mgongo uleule. Akatangaza enzi mpya, akaongeza mto wa kukalia, maana makalio ya enzi mpya huwa mapana.

Punda akashika mimba ya pili. Alipata nafasi saa ngapi? Msiniulize, hii ni ngano. Akaomba tena. Nyati alikuwa na adabu: "Mama yetu mpendwa, bado Kiboko. Kiboko akiisha, utalala." Wakatembea. Mtoto akadondokea kwenye kwato za jeshi, na jeshi halikusimama.

Tangu hapo Punda hakuomba. Alichoka hata kuchoka.

Ndipo akaja Fisi. Alitembea ubavuni pake, akimfukuzia nzi kidondani, akimwita komredi. Akamnong'oneza kwamba kiti hakina kosa, kosa ni la anayekikalia. Sistimu ikibadilika tu, siku hiyohiyo kiti kitashuka. Punda akaamini. Ukichoka sana, hata Fisi hupendeza. Siku ya vita na Kiboko akajitikisa makusudi, Nyati akaanguka, Fisi na ukoo wake wakammaliza.

Fisi akapanda.

Mimba ya tatu ilikuwa imekomaa. Punda akangoja, akangoja, mwisho akasema, "Haya komredi, shuka."

"Komredi, nielewe. Ng'ambo ya mto kuna Chui."

"Na Chui akiisha?"

"Tutaangalia. Iko kwenye plani."

Jeshi likaanza wimbo. Punda akausikiliza mpaka kwenye "ardhi iishe", akapiga magoti ya mbele, akakunja ya nyuma, akalala.

Kamba zikakatika, kiti kikabingirika, Fisi akaingia topeni. Jeshi likasimama kwa mara ya kwanza, macho chini, likingoja nchi ipasuke. Nchi haikupasuka. Sisimizi mmoja alipanda mguu wa kiti, akatazama, akashuka.

Punda akazaa. Mtoto akayumba, mbichi, miguu ikigongana, akasimama.

Fisi akajipangusa tope, akauliza nani ana mgongo. Tembo akatazama mbali. Twiga akatazama mawingu. Nyumbu, ambaye hakuwa amepata kazi tangu amalize chuo, akaulizia mshahara. Fisi hakumsikia, alikuwa akimpima mtoto kwa macho.

"Mgongo mzuri huu," akasema. "Akikua..."

Hakumaliza. Teke lilimfika kwenye meno. Mpaka leo wenye viti husema shukrani ya punda ni mateke. Walichompa ashukuru, hawakisemi.

Ngano imekaa chini, aliyeibeba anyooshe mgongo. Funzo lake ni hili: enzi yote hutembea kwa miguu ya mwingine, na miguu ile ikikunjwa, imekwisha. Kwa hiyo nyinyi mnaosukumana kupanda, wa Nyikani, wa Bwawani na wa ng'ambo ya mto, msitusimulie habari za Chui. Shukeni. Shukeni leo. Kuna mtu hapa anataka kuzaa.